Usinipokee Gunia

Damari mama,

Umeenda Chamwino kumuaga shangazi yako, umesema utarudi jua likizama. Mimi nimekaa uani juu ya ndoo, daftari lako la zamani liko magotini, naandika. Mwandiko utauvumilia. Mkono wangu unajua gunia. Kalamu naishika kama mpini wa jembe.

Mambo ya kula na kulala na kuchagua marafiki siandiki. Hayo shangazi yako anakuambia sasa hivi, na ninavyomfahamu hatakuachia mpaka umpigie magoti. Mimi nina langu moja. Ningelisema kwa mdomo, lakini siku hizi tukianza kusema tunagombana, na kesho asubuhi unapanda treni. Sitaki tugombane stesheni mbele za watu.

Leo asubuhi umeosha vyombo umekunja mikono ya gauni. Nimeiona plasta, pale kwenye mkunjo wa mkono. Hukuificha. Nami sikuuliza. Tumekunywa chai, umeniwekea sukari nyingi kama ninavyopenda, nikasema asante, basi.

Kwa hiyo ulienda. Mimi nilimkatalia yule daktari kwenye simu, nikakata. Wewe ukaenda ukawapa damu.

Nimekasirika, mama. Nakuambia tu ujue. Siyo hasira ya kukulaani. Ni ile ya mtu anayesukuma mkokoteni kwenye mchanga, anasukuma, gurudumu linazunguka palepale. Hasira hiyo haina wa kumpiga. Ndiyo inayochosha.

Acha nianze mwanzo, maana mengine ulikuwa mdogo.

Mama yako Perisi alikufa kwa kifua. Hilo unalijua. Ambalo sijakuambia ni kwamba nilikaa naye kando ya korongo tangu asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha juu kule, maji yamejaa, ng'ambo tunaiona, gari la kumpeleka hospitali tunaliona, dereva anatupungia mkono. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi. Mimi nikawa namwambia subiri kidogo, maji yanapungua. Tulikaa hapo mpaka ikawa hakuna haja ya kuvuka. Tangu siku hiyo mtu akiniambia subiri kidogo, damu inanichemka. Sasa unajua kwa nini nilikuwa nawafokea watu pale hospitali. Haikuwa ushamba tu.

Nikakuchukua, tukaja mjini, nikapata kazi ghalani. Kupakia na kushusha. Mtama, alizeti, karanga. Ghala la nafaka lina panya, na bosi akiona panya anaweka paka. Wa kwetu walikuwa wengi. Mkubwa wao tulimwita Mkaguzi, kwa sababu kila mzigo ukiingia lazima apande juu, atembee huku na huku, anuse, ndipo akubali kulala. Walikuwa wanalala kwenye magunia matupu, yale tunayokunja na kujifunika kichwa na mabega wakati wa kubeba ili mzigo usituchubue. Kila mbebaji ana lake. Langu Mkaguzi alilipenda. Asubuhi namfukuza, nalichukua likiwa bado na joto lake, najivika.

Jioni narudi nalo begani, maana ukiliacha ghalani hulikuti.

Na wewe ulikuwa ukinisikia nakohoa tu kule njiani, unatoka mbio. Shikamoo baba. Unalivua gunia begani kwangu, unaliweka kichwani kwako, unaingia nalo ndani kama malkia. Hakuna aliyekufundisha, uliona watoto wenzako wanavyowapokea wazazi wao. Majirani wakasema yule mwanamume hana mke lakini ana wa kumpokea. Nikavimba kichwa. Mwezi wa saba, sakafu ya baridi, tulikuwa tunalitandika lile gunia chini ya mkeka wako upate joto.

Ukaanza kuamka macho yamevimba kama umepigwa na nyuki. Pua inatiririka. Nikasema ni upepo. Upepo wetu huu na vumbi lake jekundu, nani hana mafua Dodoma? Nikakupaka mafuta ya kifua. Nikakununulia dawa ya kikohozi. Nikakufunika na gunia.

Siku kifua chako kilipopiga filimbi niliijua ile sauti. Sikusubiri maji ya mtu yeyote yapungue. Nilikubeba mgongoni, nikakimbia.

Kule hospitali kubwa ndiko tulikompata Daktari Salma. Unakumbuka walivyokuchora mkono kwa kalamu, wakadondosha matone, wakadunga kidogo kidogo. Tone la vumbi, kimya. Tone la mende, kimya. La paka likavimba kama umeumwa na nge. Daktari akanigeukia.

"Baba, nyumbani mna paka?"

"Hatuna."

"Jirani je?"

"Jirani ana mbwa, na mbwa mwenyewe mvivu."

"Unafanya kazi gani, baba?"

"Kubeba."

Akaniangalia begani. Nilikuwa nimeingia nalo mle ndani, gunia langu, nimelikunja vizuri. Hakucheka. Akasema, "Baba, paka mnaye. Unamleta nyumbani kila jioni."

Ndipo akanieleza kwamba siyo manyoya. Ni mate ya paka na ngozi yake inayopukutika, vitu vidogo kuliko vumbi la unga, vinashika kwenye nguo, vinasafiri na mtu. Aleji, akasema. Mwili wako unamwona paka kama mwizi, unapiga yowe, na yowe lenyewe ndilo linalokubana.

Jioni ile nilirudi, ukatoka mbio kama kawaida. Nikakupigia kelele ukiwa bado mbali. Simama hapohapo. Usinipokee. Ukasimama katikati ya njia, mikono yako yote miwili imenyooka mbele. Sikukueleza. Nilipita pembeni yako, nikaenda nyuma kwenye bafu la mabati, nikaoga, nikabadilisha nguo. Nilipotoka ulikuwa bado umesimama palepale, ila mikono umeishusha.

Toka siku hiyo ndiyo imekuwa hivyo. Mama Tatu jirani yetu alinisimamisha siku moja. "Baba Damari, binti yako siku hizi hakupokei. Unapita kama mgeni. Mmekosana?"

"Nimemkataza."

"Kwa nini?"

"Paka."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Mtaa mzima ukajua kwamba baba Damari anaogopa paka. Sawa. Gunia nikaanza kuliacha ghalani, na kweli likaibwa, nikanunua lingine, nalo likaibwa. Mwili wangu ulikuwa safi kuliko wa padri. Lakini nikawa sikugusi mpaka nimeoga, na nikishaoga nimechoka, na wewe umeshakula, umeshika kitabu. Miaka ikapita hivyo. Hapo sina cha kukuambia. Naandika tu.

Halafu ndiyo ikaja habari ya sindano.

Daktari Salma alisema kuna utafiti. Watakuchoma sindano yenye paka ndani yake, kidogo sana, halafu wanaongeza, wanaongeza, mpaka mwili uzoee, uache kupiga yowe. Nikamuuliza, "Yaani mtu akiogopa nyoka unampa nyoka mdogo?" Akasema kama hivyo. Nikauliza, "Atapona?" Akasema wengine wanapona kabisa, wengine wanapata nafuu, wengine hawapati kitu. Nikauliza, "Damari yuko wapi hapo?"

Akasema, "Hilo ndilo tunalolitafuta, baba. Tunatafuta alama. Kitu kwenye damu, au puani, tukikiangalia kabla ya sindano ya kwanza tuseme huyu itamfaa, huyu tusimsumbue."

"Na sasa hivi hamjui?"

"Sasa hivi hatujui."

Ningeondoka. Mimi gunia nikilitazama najua kama nitaliinua au nitaita mwenzangu. Hawa wamesoma mpaka miwani, wananiambia tujaribu tuone. Lakini wewe ulikuwa kitandani una ile dawa ya kuvuta mdomoni, unaniangalia. Nikaweka sahihi.

Mwanzo ilikuwa kila wiki. Baadaye ikawa kila mwezi. Siku ya sindano siendi kazini, na kundi letu ukikosa siku hupati fungu, na wenzangu wananitania, Yohana akiwa wa kwanza. "Leo baba anaenda kumchanja mtoto paka. Akirudi atalia nyau." Nacheka nao. Ukishachomwa tunakaa kwenye benchi wakuangalie usije ukabadilika. Benchi lile nalijua kuliko kanisa.

Hapo ndipo tulipowazoea mama Mwajuma na mwanawe. Walikuwa wanatoka mbali, upande wa Chemba, wanalala kwa ndugu ili wawahi. Yule mama alikuwa akiongea na mtoto wake kwa kilugha chao, kile cha kugonga ulimi. Siku ya kwanza nilidhani ananisonya mimi. Nikamwambia, "Dada, nimekukosea nini?" Akacheka. "Kaka, wewe hujakosea kitu. Namwambia huyu afunge mdomo, inzi wanaingia." Tukawa ndugu. Tunagawana karanga. Mwajuma na wewe mnalinganisha mikono, ya nani imevimba zaidi.

Sindano ileile. Muuguzi yuleyule. Benchi lilelile.

Na damu. Kila mara damu. Chupa yenye kifuniko cha zambarau, chupa yenye kifuniko chekundu. Na kile kijiti cha puani, kinaingia mpaka machozi yanakutoka. Nikamuuliza muuguzi mnapeleka wapi damu yote hii, mnafungua duka? Akasema inahifadhiwa kwenye baridi kali. Nikasema mtoto wangu ana mahali penye baridi kuliko kwangu.

Mwisho wa dozi walikupima. Siku hiyo mimi sitaisahau na wewe najua hujaisahau. Walikukalisha kwenye kiti, wakakupulizia maji ya paka puani. Makusudi kabisa. Daktari ana saa, muuguzi anahesabu chafya zako kwa kalamu. Nikasimama.

"Mnafanya nini?"

"Baba tulia, ni kidogo sana, dawa iko hapa. Tunataka tuone mwili wake unajibu vipi."

"Si umeshajibu? Hamsikii?"

Macho yako yalikuwa mekundu kama nyanya, kamasi zinashuka, unapiga chafya huku unanifanyia ishara kwa mkono nikae. Nikakaa. Sijawahi kuona kazi ya ajabu namna ile, ya kumtia mtoto ugonjwa ili umwandike.

Kabla yako alikuwa ameingia Mwajuma. Alipuliziwa hivyohivyo. Alipiga chafya kidogo, akajifuta, akauliza kama amemaliza. Mama yake akaanza kulia hapohapo. Baadaye nilisikia kule kwao anamshika paka mikononi, anamlisha.

Nilimfurahia, usidhani vingine. Nilimpa mkono yule mama. Lakini nilipokuwa narudi na wewe nyumbani, wewe unavuta dawa, mimi nilikuwa natafuta wa kumlaumu. Nikaanza na mimi mwenyewe. Labda nilileta paka kwenye ukosi wa shati. Nikamlaumu muuguzi, labda alikosea chupa. Nikamlaumu hata marehemu mama yako kwa kifua alichokurithisha, Mungu anisamehe. Nikarudi kwa Daktari Salma peke yangu nikamwambia nipe mkosaji mmoja tu, nikalale.

Alinichorea kwenye karatasi. Akasema kwenye damu kuna kitu kinapiga yowe paka akipita, na kuna kingine kinachokinyamazisha. Sindano inaongeza kile cha kunyamazisha. Kwa Mwajuma kikaongezeka, yowe likaisha.

"Na kwa Damari hakikuongezeka," nikasema.

"Kiliongezeka, baba. Kwa Damari kiliongezeka vizuri tu, karibu sawa na mwenzake. Lakini yowe halikupungua."

"Kwa nini?"

"Sijui."

"Sasa hiyo alama yenu ina maana gani?"

"Ina maana kwamba siyo hiyo. Au siyo hiyo peke yake. Sasa tunaangalia zaidi puani, pale pale yowe linapoanzia."

Daktari alisema sijui bila kuona haya. Wakati ule nilimdharau. Nikamwambia, "Miaka yote ile ya mtoto wangu mmejifunza kwamba siyo hiyo." Akasema, "Ndiyo, baba." Nikaichana ile karatasi yake mbele yake, nikatoka. Mama, sijui kama nilikuambia hilo la kuchana karatasi. Sikukuambia.

Baada ya hapo simu zao nikawa sipokei.

Halafu wewe nawe ukaja na lako. Kazi zote duniani. Ualimu upo, ushonaji upo, kuna watu wanakaa ofisini pale mjini wanapigwa na feni mpaka wanavaa sweta. Wewe ukachagua afya ya mifugo. Nilidhani unanitania.

"Baba, ni ng'ombe na mbuzi na kuku."

"Na mwenye ng'ombe hana paka?"

"Atakuwepo. Nitavaa barakoa. Nitavuta dawa yangu kabla."

"Na wakikuletea paka mgonjwa mezani?"

"Nitamtibu, halafu nitapiga chafya."

Ukacheka. Mimi sikucheka. Ulikuwa unasema vile umeegemea mlango kama mama yako alivyokuwa anaegemea. Nilitaka kukukataza. Nilikuwa na maneno tayari. Halafu nikakumbuka wewe umesimama njiani mikono imenyooka, na kwamba toka umri ule nimekukataza kitu kilichokuwa chako, na hukunilalamikia hata mara moja. Nikashindwa kukukataza cha pili. Ila usidhani nimekipenda. Morogoro unakokwenda kusoma ni mbali, na nitakuwa nasikia filimbi ambayo haipo.

Sasa hii simu. Wiki iliyopita Daktari Salma akapiga kwa namba nyingine, nikapokea bila kujua. Shikamoo nyingi. Akasema wanamtaka Damari mara moja tu kabla hajasafiri, damu na kijiti cha puani. Nikamuuliza kuna dawa mpya? Hapana. Kuna majibu? Bado. Sasa?

Akasema, "Baba, wale waliopona wote wanakuja tukiwaita. Wanakuja wakicheka, wanaleta na ndizi. Wale ambao haikuwasaidia hawaji. Wamekasirika na nawaelewa. Lakini nikiwa na damu ya waliopona peke yake sitajua walichonacho ambacho wenzao hawana. Namhitaji Damari kuliko ninavyomhitaji Mwajuma."

Nikamwambia, "Damu yake mmechukua ya kutosha. Ingekuwa mtama mngekuwa mmeshauuza." Nikakata.

Ulikuwa umesikia yote. Ukasema taratibu, "Baba, damu ni yangu."

Nikasema, "Na kifua ni cha nani?"

"Nacho changu."

"Na aliyekibeba mgongoni?"

 Nikajua nimekuumiza, nikaendelea. Nikasema hawa watu wamekutumia kama gunia, wameshusha mzigo, gunia wametupa, sasa wanarudi kukung'uta punje. Ukasema, "Nataka mtu mwingine asikae lile benchi bure." Ukaingia ndani. Tukaanza huu ukimya wetu.

Sasa nisikilize, hiki ndicho nilichotaka kuandika na nimezunguka sana kukifikia.

Juzi ghalani Yohana alikaa karibu yangu wakati wa uji. Hakuwa na utani. Akaniambia mwanawe mdogo, yule wa mwisho, anaamka macho yamevimba. Kifua usiku kinalia. Nikamwangalia begani. Gunia lake lilikuwa hapo. Nikamwambia habari ya kutompokea, habari ya kuoga kwanza, akaelewa haraka, maana miaka yote alikuwa anaiona kwangu na kuicheka. Halafu akaniuliza.

"Kaka, ile sindano ya Damari. Nimpeleke wangu? Itamfaa?"

 Nikawa kama yule daktari. Nikasema sijui. Akasema, "Si wewe ulikaa nao miaka?" Nikasema ndiyo, nilikaa nao, na sijui. Akaniangalia kama nilivyokuwa namwangalia Daktari Salma. Nikajisikia vibaya, nikaenda kubeba.

Siku nzima nilibeba hilo. Mwanawe anaweza kuwa Mwajuma. Anaweza kuwa wewe. Yohana atakosa fungu, atakaa benchi, atashika mtoto akichomwa, na hakuna wa kumwambia mapema. Na kilichoniudhi kabisa ni kwamba kama yupo mtu mwenye kitu cha kumsaidia Yohana, ni wewe, na mimi ndiye niliyekata simu.

Sijakubaliana na wewe. Bado nasema wamechukua sana na wametoa kidogo. Bado sitaki kusikia neno subiri. Nimenyamaza tu, na kunyamaza kwangu unakujua, siyo baraka. Lakini plasta nimeiona, na niseme ukweli, nilipoiona nilipumua. Sijui kwa nini. Nimekasirika na nimepumua, vyote pamoja.

Mimi kosa langu kubwa maisha haya ni la kutaka kujua kabla. Kwenye korongo nilitaka kujua maji yatapungua lini, nikakaa, wakati kulikuwa na daraja la mbali, tungezunguka tukalipitia. Tungelifika? Sijui. Nilikaa kwa sababu nilitaka mtu aniambie kwanza. Na kwako nimetaka hivyohivyo. Itamfaa au haitamfaa. Atapona au hatapona. Wewe hukuwahi kuuliza hivyo. Ulikaa kwenye kile kiti ukapuliziwa, ukanifanyia ishara nikae. Mtoto wa kike mdogo, na baba yake mzima ndiye wa kutulizwa.

Nenda kwenye mifugo yako. Kifua kikikubana, ondoka hapo, usione haya mbele ya wenzako. Hilo tu ndilo agizo, na nilisema siandiki maagizo.

Na Daktari Salma akikupigia siku yoyote akasema alama imepatikana, hata kama inasema wewe sindano haikuwa ya kukufaa toka mwanzo, hata kama inasema ile miaka yote ilikuwa bure, niambie. Usinifiche kwa kunihurumia. Nataka niende nikamwambie Yohana. Na Daktari mwambie ile karatasi, kama anaweza, anichoree tena.

La mwisho. Juma hili lote sikulileta shati langu la kanisani karibu na ghala. Nimelifua kwa mama Tatu, limekaukia kwake, amelitia kwenye mfuko wa nailoni akaufunga. Aliniuliza ni la nini, nikamwambia la kumsindikiza mtoto. Hakucheka safari hii. Kesho bosi nimemuaga, siendi kazini, sijagusa gunia toka jana mchana, na nimeoga mpaka Mama Tatu ameuliza kama naoa.

Sanduku lako nitalibeba mimi mpaka stesheni. Usiniambie lina magurudumu, nimeyaona. Nitalibeba begani, bila gunia, liniumize kidogo.

Utatangulia. Ukifika pale kwenye mlango wa kuingilia geuka, usimame kama ulivyosimama siku ile njiani. Mimi nitalishusha sanduku. Halafu nipokee.

Baba yako